Kutafuta Jozi: Mhadhara Kuhusu Kurahisisha Vipeuo



Mada ya leo si ngeni kwa aliyepita sekondari. Mwanafunzi hupewa √72, akaambiwa arahisishe, naye akaandika 6√2. Mwalimu huweka vema, na somo likasonga mbele. Nchini Tanzania vipeo na vipeuo vimekuwa kwa miaka mingi mada ya Kidato cha Pili. Nchini Kenya, chini ya mfumo wa 8-4-4, vipeuo vimefundishwa Kidato cha Tatu. Pande zote mbili za mpaka swali la mwanafunzi ni lile lile: hiyo 6√2 imekuwaje rahisi kuliko √72, ilhali kikokotoo kinatoa 8.485 kwa zote mbili?

Swali hilo ni la haki. Mara nyingi hujibiwa kwa amri, kwamba ndivyo mtihani unavyotaka, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba amefundishwa adabu ya kuandika. Lengo la mhadhara huu ni kumpa jibu lenye uzito zaidi. Kurahisisha kipeuo ni kuichambua namba mpaka ionekane imejengwa na nini, bila kupunguza hata chembe ya thamani yake. Anayeijua kazi hiyo huona mambo ambayo desimali huyaficha. Dai hilo litatetewa kwa hoja sita.

Kwanza makubaliano machache. Kipeo cha pili cha 5 ni 25, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Ingawa −5 ikizidishwa kwa −5 nayo huleta 25, alama √ husimamia jibu lile tu lisilo hasi. Alama hiyo ilionekana katika kitabu cha aljebra cha Mjerumani Christoff Rudolff mwaka 1525. Mfaransa René Descartes, katika kitabu chake cha jiometria cha mwaka 1637, akaiunganisha na mstari wa juu unaoonyesha kipeuo kinaanzia wapi na kuishia wapi. Katika chapa hii mabano yanafanya kazi ya mstari huo.

Hoja ya kwanza: kipeuo ni jibu kamili

Katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kuna kibao kidogo cha udongo kutoka Babeli, kinachojulikana kwa namba YBC 7289. Kiliandikwa kati ya mwaka 1800 na 1600 hivi kabla ya Kristo. Juu yake umechorwa mraba wenye milalo miwili. Upande umeandikwa 30, na kwenye mlalo kuna tarakimu za mfumo wa sitini ambazo, zikigeuzwa kuwa desimali zetu, huwa 1.414213 kwa kukadiria. Kipeuo cha pili cha 2 ni 1.414214 kwa kukadiria vivyo hivyo. Mwandishi yule wa Babeli alikosea kwa chini ya sehemu moja ya milioni.

Usahihi wa namna hiyo unastahili heshima. Hata hivyo, hakuna idadi ya tarakimu, ziwe sita au milioni sita, itakayofika mwisho wa √2. Sababu yake inaelezeka kwa jambo ambalo mtoto wa shule ya msingi analijua: kuchambua namba kuwa vigawo tasa.

Tuseme √2 ni sehemu, yenye namba nzima p kama kiasi na namba nzima q kama asili. Basi p × p ingekuwa sawa na 2 × q × q. Sasa zihesabiwe 2 zilizomo kila upande. Upande wa kushoto, kila 2 iliyomo ndani ya p inajitokeza mara mbili, hivyo idadi ya 2 ni shufwa. Upande wa kulia, zile zilizomo ndani ya q zinajitokeza mara mbili, kisha inaongezeka moja isiyo na mwenzake, hivyo idadi ni witiri. Namba moja haiwezi kuwa na idadi ya shufwa na ya witiri kwa wakati mmoja. Sehemu hiyo, basi, haipo.

Wasikilizaji wauzingatie uthibitisho huu, kwa sababu chombo kilichotumika ni jozi, na jozi hizo hizo ndizo zitakazofanya kazi yote ya kurahisisha. Wagiriki waliuchukulia ugunduzi huu kwa uzito mkubwa. Plato, katika mazungumzo yaitwayo *Theaetetus*, anasimulia jinsi Theodorus wa Cyrene, mji uliokuwa katika Libya ya leo, alivyolishughulikia suala hilo kwa namba kuanzia 3 hadi 17, moja baada ya nyingine.

Mwanafunzi anafaidika nini na habari hizo? Anafaidika kwa kujua kwamba anayeandika √2 ametoa jibu zima, na anayeandika 1.4 ametoa kadirio. Tofauti inaonekana kadirio likizidishwa mara nyingi. √2 ikizidishwa yenyewe mpaka zitimie √2 kumi, zinapatikana jozi tano, kila jozi ni 2, na jibu ni 32 bila mabaki. Kwa 1.4 jibu linakuwa 28.93. Kwa 1.41 linakuwa 31.06. Kosa lililokuwa dogo hatua ya kwanza limekua kila lilipozidishwa. Ndiyo maana mwalimu makini humwambia mwanafunzi abaki na kipeuo mpaka mstari wa mwisho, na akadirie huko ikiwa swali linahitaji.

Hoja ya pili: njia ni moja, nayo ni kutafuta jozi

Heron wa Alexandria, mtaalamu aliyefanya kazi Misri katika karne ya kwanza, alitaka kupata eneo la pembetatu yenye pande 7, 8 na 9. Kanuni inayobeba jina lake inaanza na nusu ya mzingo, yaani 12. Kutoka hapo unatoa kila upande kwa zamu, unapata 5, 4 na 3. Ukizidisha 12 × 5 × 4 × 3 unapata 720, na eneo ni √720.

Heron aliendelea kwa kukadiria. Alianza na 27, kwa kuwa 27 × 27 ni 729, jirani ya 720. Akagawa 720 kwa 27, akapata 26 na theluthi mbili. Akachukua wastani wa namba hizo mbili, akapata 26 na sehemu tano za sita. Ukiizidisha namba hiyo kwa yenyewe unapata 720 na sehemu moja tu ya thelathini na sita. Njia hiyo ya kuchukua wastani ni nzuri sana, na ingali inatumika.

Lakini ichukuliwe √720 hiyo hiyo na ichambuliwe:

720 = 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5

Kuna jozi mbili za 2 na jozi moja ya 3. Kila jozi hutoa mwakilishi mmoja nje ya alama: 2, 2 na 3, ambazo zikizidishwa ni 12. Ile 5 haina mwenzake, hivyo inabaki ndani. Eneo la pembetatu ya Heron ni 12√5, na hapo hakuna kadirio lolote. Msingi wa kitendo hicho ni kwamba kipeuo cha zao ni zao la vipeuo: √(144 × 5) ni √144 × √5.

Mwanafunzi mwepesi anaweza kuruka uchambuzi kwa kuona mara moja namba mraba kubwa iliyomo, kama 144 ndani ya 720. Hatari ipo kwa anayeona namba mraba iliyo ndogo akaridhika nayo. Anayeandika √72 = √9 × √8 = 3√8 hajakosea, ila hajamaliza, kwa sababu ndani ya 8 kuna jozi nyingine ya 2. Kazi imekamilika pale ambapo ndani ya alama haikubaki namba mraba yoyote isipokuwa 1. Zoezi la kufurahisha liko kwenye kalenda: 2025 ni 3 × 3 × 3 × 3 × 5 × 5. Kila namba imepata mwenzake, hivyo √2025 ni 45 kamili. Mwaka mwingine wa aina hiyo utakuwa 2116, ambao ni 46 × 46.

Herufi za aljebra zinatii utaratibu huo huo. Katika √(50x³) zimo 5 × 5 × 2 × x × x × x. Jozi ya 5 inatoka, jozi moja ya x inatoka, na jibu ni 5x√(2x). Hapo inachukuliwa kwamba x si hasi, vinginevyo x³ ingekuwa hasi na kipeuo chake kisingepatikana miongoni mwa namba tunazozizungumzia. Walimu watakubali kwamba sharti hili husahauliwa mara nyingi. √(x²) si x kila wakati. Ikiwa x ni −3, kipeo chake cha pili ni 9, na √9 ni 3. Jibu linalofaa kila mahali ni x iliyoondolewa alama ya hasi, ikiwa ilikuwa nayo.

Hoja ya tatu: umbo rahisi hufichua undugu

Zitazamwe √8, √18 na √50. Kwa macho, kila moja ina shughuli zake. Zikirahisishwa huwa 2√2, 3√2 na 5√2, na hapo inagundulika kwamba ni wa ukoo mmoja, kama watu waliokutana ugenini na kutajiana majina ya babu. Kujumlisha sasa ni kazi ya mstari mmoja: 2, 3 na 5 ni 10, jibu ni 10√2. Vivyo hivyo √12 + √27 ni 2√3 + 3√3, yaani 5√3. Nani angekisia, kwa kuzitazama 12 na 27, kwamba jumla ya vipeuo vyake ni √75 barabara?

Mfano wa ujenzi unaonyesha faida yake. Chumba cha mita 3 kwa mita 6 kina mlalo wa √45. Ukumbi wa mita 6 kwa mita 12 una mlalo wa √180. Anayesoma 45 na 180 anaona namba moja ni mara nne ya nyingine na anaweza kudhani mlalo umeongezeka mara nne. Anayesoma 3√5 na 6√5 anaona ukweli papo hapo: vipimo vya chumba vimeongezeka mara mbili, na mlalo nao mara mbili.

Hapa ndipo pa kulitaja kosa linalosumbua madarasa kuliko mengine yote, yaani kuandika √(a + b) kana kwamba ni √a + √b. Kinachoruhusiwa kwenye kuzidisha hakiruhusiwi kwenye kujumlisha. Shahidi bora ni fundi mwashi. Anapotaka kona ya msingi iwe skwea, hupima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande mwingine, kisha huvuta kamba kati ya alama hizo mbili. Kamba ikisoma mita 5, kona imekaa sawa, maana √(9 + 16) ni √25. Kama kipeuo kingegawanyika juu ya jumla, kamba ingesoma 3 + 4, yaani 7, na kwa kamba ya mita 7 hakuna kona tena: pande zote zingelala kwenye mstari mmoja. Mwalimu anaweza kulitoa darasa uwanjani na vigingi vitatu na kamba, na kosa hilo likafutika kwa vitendo.

Hoja ya nne: kuondoa kipeuo kwenye asili kuna sababu

Wanafunzi huambiwa kwamba 1/√2 iandikwe √2/2. Wengi huona ni usumbufu mtupu. Enzi za majedwali ya hisabati, ambayo bado yako mikononi mwa watahiniwa wengi, sababu ilikuwa wazi. Kugawa 1 kwa 1.41421 kwa mkono ni kazi ndefu, kugawa 1.41421 kwa 2 kunawezekana kichwani, na jibu ni 0.707105. Thamani ni ile ile, ila jasho limepungua.

Wapo wanaosema kikokotoo kimeiondoa sababu hiyo. Mfano ufuatao unawajibu. Tunahitaji thamani ya 1/(√3 − √2), na tunakadiria vipeuo kwa desimali moja, 1.7 na 1.4. Tofauti ni 0.3, na 1 ikigawanywa kwa 0.3 inaleta 3.33. Sasa tuzidishe juu na chini kwa √3 + √2. Asili inakuwa 3 − 2, ambayo ni 1, kwa kuwa (a − b)(a + b) ni a² − b². Kinachobaki ni √3 + √2. Kwa makadirio yale yale jibu ni 3.1. Thamani halisi ni 3.146 na kuendelea. Namba zilizoingia ni zile zile, lakini njia ya pili imetukaribisha zaidi kwenye ukweli.

Kutoa namba mbili zinazokaribiana hufuta tarakimu zenye maana na kubakisha zile zisizoaminika. Hata mashine hailiepuki tatizo hilo. Mwenye kikokotoo cha dukani chenye tarakimu nane ajaribu √64000001 − √64000000. Kipeuo cha pili cha namba ya pili ni 8000. Cha kwanza ni 8000.0000625 hivi, lakini tarakimu nane zinaishia kwenye 8000.0000, na kikokotoo kinatangaza kwamba tofauti ni sifuri. Mwanafunzi anayejua kuzidisha kwa jumla ya vipeuo viwili anaandika badala yake 1 juu ya √64000001 + √64000000, yaani 1/16000 hivi, na kikokotoo kile kile kinampa 0.0000625. Waandishi wa programu za kompyuta hulazimika kuzijua hila hizi, kwa sababu kompyuta nayo ina kikomo cha tarakimu.

Hoja ya tano: umbo kamili hujikagua lenyewe

Mwaka 820 hivi, mjini Baghdad, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho aljebra imechukua jina lake kutoka kwenye anwani yake. Mojawapo ya milinganyo yake mashuhuri ni x² + 10x = 39, aliyoitatua kwa kuchora mraba na kuukamilisha kona zake. Ukiongeza 25 kila upande unapata mraba wa (x + 5) sawa na 64. Kipeuo cha 64 ni 8, na x ni 3. Kipeuo kimetoka namba nzima, na kila mtu ameridhika.

Milinganyo mingi haina ukarimu huo. Baada yake alikuja Abu Kamil, Mmisri aliyeishi kati ya karne ya tisa na ya kumi, naye akavikubali vipeuo visivyoisha kama majibu ya milinganyo, na hata kama namba za kuanzia hesabu. Kwa hatua hiyo alijumlisha, akazidisha na kugawa vipeuo kama namba nyingine yoyote.

Mfano wa darasani ni x² − 6x + 4 = 0. Kanuni ya milinganyo ya kipeo cha pili inatoa (6 ± √20)/2. Hapa mwanafunzi mwenye haraka hugawa 6 peke yake na kuandika 3 ± √20, jambo ambalo ni kosa. Anayerahisisha kwanza anaona kwamba √20 ni 2√5, kwamba 2 imo katika vipande vyote viwili vya kiasi, na kwamba jibu ni 3 ± √5.

Sasa lijikague. Jumla ya majibu mawili lazima iwe 6: 3 na 3 ni 6, vipeuo vimefutana. Zao lake lazima liwe 4: (3 + √5)(3 − √5) ni 9 − 5, yaani 4. Hakuna shaka iliyobaki. Aliyeandika 5.236 na 0.764 akizizidisha anapata 4.000304, na anabaki na swali: zile 0.000304 zimetokana na kukadiria, au kuna mahali nimekosea? Kwenye mtihani swali hilo hula dakika. Kwenye mchoro wa mhandisi linaweza kula zaidi ya dakika.

Hoja ya sita: √2 iko mezani kwa kila karani

Mhadhara huu utachapishwa, na huenda msomaji akaupata kwenye karatasi ya A4. Karatasi hiyo ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Gawa 297 kwa 210 na utapata 1.4143. Namba hiyo haikutokea kwa bahati.

Mwaka 1786 mwanasayansi Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg aliandika barua akieleza sifa za karatasi ambayo, ikikatwa katikati, kila nusu inabaki na umbo lile lile la karatasi nzima. Aljebra yake ni fupi. Urefu ukigawanywa kwa upana lazima ulingane na upana ukigawanywa kwa nusu ya urefu. Kutoka hapo kipeo cha pili cha urefu ni mara mbili ya kipeo cha pili cha upana, na urefu ni √2 mara upana. Hakuna uwiano mwingine unaoweza kazi hiyo. Mwaka 1922 Ujerumani iliufanya kuwa kiwango cha taifa kwa kazi ya Walter Porstmann, na mwaka 1975 ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 216.

Mpangilio unaanza na A0, yenye eneo la mita mraba moja. Pande zake, kwa milimita, ni 841 na 1189. Kila hatua kwenda A1, A2, A3 na A4 hugawa kila upande kwa √2. Hatua nne ni √2 nne, yaani jozi mbili, yaani 4. Gawa 841 kwa 4 na 1189 kwa 4, dondosha desimali, na upana na urefu wa A4 unajitokeza: 210 na 297. Kwa kuwa A4 ni sehemu moja ya kumi na sita ya mita mraba, karatasi ya gramu 80 kwa mita mraba ina uzito wa gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ina kilo mbili na nusu.

Vijana wa steshenari wanaijua hesabu hii kwa vidole. Mteja anapotaka A4 ikuzwe iwe A3, mashine ya fotokopi huwekwa asilimia 141. Anapotaka kurudisha A3 kuwa A4, huwekwa 71. Ya kwanza ni √2. Ya pili ni 1/√2, ambayo katika umbo lililorahisishwa ni √2/2: nusu ya 141 ni 70.5, na mashine imeandika 71. Hoja ya nne na hoja ya sita zimekutana kwenye kitufe kimoja.

Kutazama mbele

Mabibi na mabwana, ikiwa hoja hizi zina mashiko, zipo hatua ambazo shule inaweza kuanza kuzichukua muhula ujao. Vipeuo vifundishwe vikitokana na vigawo tasa vya shule ya msingi, ili mwanafunzi ajue kwamba hajaanza jambo jipya. Kikokotoo kipewe nafasi yake, ambayo ni mstari wa mwisho wa kazi. Na kila darasa lipate walau kitu kimoja cha kushika mkononi, iwe kamba ya fundi au karatasi ya A4 ikikunjwa katikati, ambamo kipeuo kinafanya kazi ya kweli.

Wanaoendelea mbele wataikuta kanuni hii ikipanuka. Kwa vipeuo vya tatu, badala ya jozi zinatafutwa tatu-tatu: 54 ni 3 × 3 × 3 × 2, hivyo kipeuo chake cha tatu ni 3 mara kipeuo cha tatu cha 2. Wataukuta pia ukingo wa maarifa ya leo. Njia tunayoitegemea ni kuchambua, na kuchambua namba kubwa ni kugumu mno. Mfumo wa usimbaji wa RSA, uliobuniwa mwaka 1977 na Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, unategemea ugumu huo kulinda siri za mawasiliano. Namba ya tarakimu 250 iitwayo RSA-250 ilichambuliwa mwaka 2020 tu, kwa msaada wa kompyuta nyingi. Kwa namba za tarakimu mamia, haijajulikana njia ya haraka ya kubaini kama ndani yake imejificha jozi. Mwanafunzi wa leo anayeuliza kama kuna njia fupi ya kurahisisha √72 anauliza swali ambalo, kwa namba kubwa, bado linasubiri mtu wa kulijibu.

Vipo pia vipeuo vilivyomo ndani ya vipeuo. Mwaka 1992 mwanahisabati Susan Landau wa Marekani alichapisha njia ya kompyuta ya kuvirahisisha vya namna hiyo, na utafiti uliendelea. Wanafunzi wa safu ya mbele wanaweza kuanza na viwili vidogo kabla ya kikao kijacho: √(3 + 2√2) na √(5 + 2√6). Cha kwanza ni 1 + √2, na wathibitishe kwa kuzidisha. Cha pili wakitafute wenyewe. Wakikipata, walete na jibu la swali gumu zaidi: ni kwa namba zipi a na b ambapo √(a + 2√b) hukubali kufunguka namna hiyo, na ni kwa zipi hukataa? Mwenyekiti wa kikao ameahidi kwamba ubao utakuwa tayari.